Mapenzi ya Upande Mmoja

Linapotajwa neno mapenzi, aghalabu mtu hutazamia kusikia habari za kijana na mchumba wake, barua za siri, posa, mahari na vituko vya mawifi. Sinema nazo zimezoea kulitumia neno hilo kwa maana hiyo nyembamba. Ndiyo sababu filamu iitwayo Mississippi Masala, iliyotengenezwa na Bibi Mira Nair na kutolewa mwaka 1991, imetazamwa na wengi kwa jicho moja tu. Mina, binti wa Kihindi aliyetoka Uganda akiwa mtoto, anapendana na Demetrius, Mmarekani mweusi mwenye kazi ya kusafisha mazulia katika mji wa Greenwood, jimbo la Mississippi. Jamaa wanachachamaa, vijana wanashikilia lao, na mwisho wanaondoka pamoja. Denzel Washington na Sarita Choudhury wamezicheza nafasi hizo kwa ufundi usio na ubishi.

Hata hivyo mapenzi ya vijana hao yalijibiwa tangu mwanzo. Aliyependa asipendwe katika filamu hii ni mtu mwingine, na ajabu ni kwamba watazamaji wengi humpita kama wanavyompita mzee aliyeketi kizingitini. Mtu huyo ni Jay, baba yake Mina, ambaye nafasi yake imechezwa na Bwana Roshan Seth. Wala huyo ampendaye si mwanamke. Ni mji wa Kampala, na nyuma ya mji huo nchi nzima ya Uganda.

Jay alizaliwa Uganda, akasomea sheria, akawa na nyumba nzuri, na akawa na rafiki wa tangu utotoni aitwaye Okelo, Mwafrika. Alijihesabu kuwa mtu wa Uganda kwanza na Mhindi baadaye. Halafu, tarehe 4 Agosti 1972, nduli Idi Amin akatangaza kwamba Waasia watoke, na muda waliopewa ukawa siku 90. Wahenga wamesema akufukuzaye hakwambii toka. Amin hakuwa na haya hiyo. Yeye alisema toka, akalisema neno hilo mbele ya dunia nzima, na akataja na siku. Watu wapatao 27,000 walipokelewa Uingereza peke yake, na wengine wakatawanyika Canada, India na kwingineko. Maduka ya Kihindi yalifungwa Kampala, yakafungwa Jinja, yakafungwa na Mbarara.

Katika filamu, Jay anatiwa ndani kwa sababu ya kumsema Amin mbele ya waandishi wa BBC. Okelo ndiye anayehangaika mpaka akamtoa. Lakini baada ya kumtoa anamweleza jambo chungu: kwamba Afrika sasa ni ya Waafrika, tena Waafrika weusi, na kwamba heri aondoke. Kuanzia hapo Jay hakulisikia neno jingine. Kwamba aliyelisema ndiye aliyehatarisha roho yake ili kumtoa gerezani, hilo halikumwingia moyoni. Siku ya safari ilipofika hakumpa Okelo agano lililostahili udugu wao.

Mwaka 1990 mtazamaji anaikuta familia hiyo Mississippi, katika hoteli ndogo ya kando ya barabara inayoendeshwa na jamaa zao. Kinnu, mke wa Jay, ambaye nafasi yake imechezwa na Bibi Sharmila Tagore, ana duka la pombe. Bibi aliyeishi kwa raha Kampala sasa anawapimia walevi chupa zao. Mina anasafisha vyumba na vyoo vya wageni. Na Jay? Jay anaandika barua. Anaiandikia Serikali ya Uganda akidai nyumba yake, anangoja jibu, kisha anaandika nyingine.

Hapa ndipo Bibi Nair na mwandishi wa mchezo wake, Bibi Sooni Taraporevala, walipogusa jambo la nyumbani kabisa. Mapenzi ya upande mmoja hayamli mpendaji peke yake. Yanawala na watu anaokula nao. Kinnu anampenda mumewe, na mumewe anaipenda Kampala. Kwa hiyo Kinnu naye ni mpenzi asiyejibiwa, ingawa analala kitanda kimoja na yule amtakaye. Hakuna ugomvi, hakuna kipigo, hakuna mke wa pili wa kumsuta mtu. Kuna mume tu ambaye kila anapotazama dirishani haoni barabara ya Mississippi. Mwanamke wa namna hiyo hana hata la kushtakia kwa wazee. Ataanza vipi? Aseme mume wangu anapenda mji?

Binti ndiye aliyelipa zaidi. Jay aliposikia kwamba Mina ameonekana na kijana mweusi, hakumpima kijana huyo kwa kazi yake wala kwa adabu yake. Alimpima kwa yale maneno ya mwaka 1972. Moyoni mwake alikwisha kuamua kwamba watu hatimaye hurudi kwa watu wao, na kwamba mweusi, hata awe rafiki wa tangu utotoni, siku moja atamwambia aondoke. Demetrius anapomjia ana kwa ana, anamkumbusha bila kificho kwamba rangi zao hazikuachana sana, na kwamba Wahindi wakisha kufika Marekani huwa wepesi kujifanya wazungu na kuwatendea watu weusi kama wazungu walivyowatendea. Maneno hayo yana ukali, lakini yana haki. Yangeweza kusemwa Kampala pia kabla ya mwaka 1972, na filamu haijifichi hapo.

Filamu hiyo husikika kwa sauti nyingine kabisa inapotazamwa na watu ambao nao wameacha nyumba nyuma yao. Watu hao ni wengi kusini-magharibi mwa Uganda, karibu na mpaka wa Tanzania. Mji mkubwa wa huko ni Mbarara, ambao wapiganaji wa Vita vya Kagera wanaukumbuka, maana majeshi ya Tanzania yaliuteka Februari 1979. Ulipandishwa kuwa jiji mwaka 2020. Mwendo wa kilomita 60 hivi kutoka hapo, katika wilaya ya Isingiro, kandokando ya ziwa dogo, yako makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Yalipokea watu waliokimbia machafuko ya Rwanda yaliyoanza mwaka 1959, na tangu hapo hayajawahi kukosa wageni. Leo wamo Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia na Waeritrea, jumla yao zaidi ya watu 150,000. Kiswahili ndicho kinachowauzia wengi wao unga na kuwasuluhishia ugomvi wa mipaka ya mashamba.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Uganda imeitimiza methali hiyo kuliko nchi nyingi zenye utajiri. Mkimbizi wa Nakivale hupewa kipande cha ardhi badala ya kufungiwa nyuma ya seng'enge, na sheria ya mwaka 2006 inampa ruhusa ya kufanya kazi, kwenda atakako na kusomesha watoto wake. Ndiyo maana mtu anaweza kuamka New Congo, kama kinavyoitwa kijiji kimojawapo cha humo, na adhuhuri akawa anachagua vitambaa madukani Mbarara.

Katika kijiji kimoja cha Wakongo humo Nakivale, familia ya fundi cherehani aliyetoka Uvira iliitazama filamu ya Bibi Nair jioni ya Jumapili moja. Aliyeileta ni binti wa fundi huyo, anayesomea uuguzi Mbarara, katika kompyuta ndogo aliyoazima kwa mwenzake wa chuoni. Watoto wa jirani waliingia wakitazamia bastola, kwa kuwa wamezoea kumwona Denzel akiwa na bastola, na nusu yao walitoka mapema. Waliobaki walitafsiriwa na binti, sentensi baada ya sentensi. Sehemu ya safari ya Biloxi, ambako vijana wale wawili wanafumaniwa na jamaa, aliipitisha haraka kwa adabu ya nyumbani, akasema tu kwamba hapo walikwenda baharini.

Fundi alikaa kimya muda mrefu. Yeye ana sanduku la bati lenye hati ya kiwanja chake cha Uvira, na kwa miaka kumi na moja amekuwa akimpigia simu binamu yake kila mwezi kumwuliza swali moja: "Mabati yangali?" Binamu humjibu kwamba yangali. Tangu vita viliposhika upya huko Kivu mwaka 2025 simu hiyo haipokelewi kila mara, na siku isipopokelewa cherehani hailii nyumbani humo. Mkewe anauza ndagala sokoni Base Camp. Ada ya chuo ya binti imetoka katika ndagala hao kwa sehemu kubwa, jambo linalojulikana na wote ingawa halisemwi.

Aliyevunja kimya ni huyo mama. Alipomwona Kinnu nyuma ya meza ya duka lake, na Jay akiandika barua, alisema, "Mke anauza pombe, mume ananunua stempu." Watoto wakacheka. Fundi hakucheka, wala mkewe hakuongeza neno. Alikuwa amekwisha kulisema.

Yapo mengine yaliyokuwa yakingoja katika nyumba hiyo. Miezi minane kabla, kijana mmoja wa Mbarara, Mnyankole, mwalimu wa shule ya msingi, aliwatuma wazee wake kuja kumposa binti huyo. Walipokelewa kwa heshima zote, wakakalishwa, wakapewa soda. Fundi hakukataa. Alisema tu kwamba mambo kama hayo hayafanywi ugenini, wangoje kwanza familia irudi kwao. Wazee wa Kinyankole, ambao kwao harusi ni mazungumzo marefu ya ng'ombe na ya heshima, waliondoka hawajui kama wamepewa jibu au wamenyimwa. Binti naye hakumwuliza baba yake. Alirudi chuoni.

Si haki kumcheka mtu kama huyo. Ana sababu za kutokufunua mkeka wake wote. Nchi inayompa jembe haijampa jina. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, ibara ya 12, inampa haki ya kuandikishwa kuwa raia mtu aliyezaliwa Uganda na kuishi humo mfululizo tangu siku ya uhuru, 9 Oktoba 1962. Lakini inawatoa wale ambao mmoja wa wazazi wao, au hata wa babu na bibi zao, alikuwa mkimbizi nchini humo. Mahakama ya Katiba ilitamka mwaka 2015 kwamba mkimbizi aweza kuomba uraia wa tajnisi akitimiza masharti yake. Kuomba, kama Jay alivyojua, si kupata.

Tena Mbarara yenyewe ina kumbukumbu ambayo wenyeji wazee hawapendi kuitonesha. Oktoba 1982, miaka kumi tu baada ya Wahindi kufunga maduka yao, maelfu ya watu wenye asili ya Rwanda walifukuzwa majumbani mwao katika nchi ya Ankole, na baadhi yao walikuwa wamezaliwa humo na kuzika wazazi wao humo. Wengine walivuka mpaka kuingia Rwanda. Wengine walikimbilia makazi ya wakimbizi, Nakivale ikiwa mojawapo, na watu waliokwisha kuhesabiwa kuwa wanakijiji wakahesabiwa upya kuwa wageni. Mtu aliyesimuliwa habari hizo na majirani zake ana haki ya kuweka hati zake karibu na mlango.

Mwishoni Jay anaitwa Kampala kusikilizwa shauri lake. Anaiona nyumba ile. Anauliza habari za Okelo, na anaambiwa kwamba aliuawa, tena mwaka ule ule wa 1972. Kisha anamwandikia mkewe kwamba moyo wake uko kwake yeye Kinnu, na kwamba madai anayaacha. Anaonekana mara ya mwisho katikati ya watu wanaocheza ngoma barabarani, amempakata mtoto asiyemjua.

Hapo fundi alikasirika. Alitaka kujua kwa nini mwanasheria mzima anaacha nyumba yenye hati. "Achukue kwanza nyumba yake," alisema, "halafu aende akampende mke wake." Mtu akilitafakari neno hilo ataona kwamba fundi hakukosea. Katika maisha halisi Waasia wengi hawakuziacha nyumba zao. Sheria ya kuwarudishia wenyewe mali zilizotaifishwa ilipitishwa Uganda mwaka 1982, na katika miaka ya 1990, chini ya Serikali ya Rais Museveni, majumba mengi yalirudishwa kwa waliofukuzwa. Wengine waliuza wakaondoka, wengine wakakaa na kufungua viwanda. Filamu imelifunga shauri la Jay kwa barua moja ya mapenzi, na huo ni wepesi wa sinema. Madai ya mtu hayageuki kuwa upuuzi kwa sababu mkewe amechoka kungoja.

Kuna na kasoro nyingine, tena kubwa zaidi. Okelo hakupewa nafasi ya kutosha. Filamu iliyojaa maneno juu ya Afrika imempa Mwafrika wake mkuu dakika chache za mwanzo, ikamwua pembeni, ikamleta tena kwa habari ya kifo chake. Mtazamaji angependa kujua aliishi vipi siku zile za mwisho, alishtakiwa nini, nani alimzika. Bwana Konga Mbandu aliyemcheza ana uso unaosema mengi, nao ulistahili kuachiwa useme.

Lakini hata kwa dakika hizo chache, jambo kubwa kuliko yote limo ndani yake. Jay aliungoja upendo wa Uganda miaka kumi na minane. Aliungoja kutoka wizarani, katika bahasha yenye mhuri. Kumbe ulikwisha kumjia zamani, akiwa bado Kampala, kwa mikono ya mtu mmoja aliyemtoa gerezani. Serikali haimpendi mtu. Haina moyo wa kufanyia hivyo, ina majalada. Aliyempenda ni Okelo, na Okelo ndiye aliyeondoka bila kujibiwa. Basi katika hesabu ya mapenzi ya upande mmoja, jina la Jay lingefaa liandikwe katika safu zote mbili.

Bibi Nair mwenyewe, huenda si vibaya kulitaja hapa, Kampala ilimjibu. Alipokwenda kutafuta habari za filamu hii alikutana na Profesa Mahmood Mamdani, ambaye naye alikuwa miongoni mwa waliofukuzwa mwaka 1972 na baadaye akarudi kufundisha Makerere. Wakaoana. Mtoto wao Zohran alizaliwa Kampala mwaka 1991, mwaka ule ule filamu ilipotolewa, na Novemba 2025 alichaguliwa kuwa Meya wa jiji la New York.

Filamu ilipokwisha fundi alimwambia binti yake arudishe pale Okelo alipokuja kuaga. Binti akarudisha. Wakapatazama mara ya pili bila tafsiri.

Yuko mzee mmoja Mbarara, Mnyankole, mwenye duka la vitambaa, ambaye tangu mwaka wa kwanza amekuwa akimkopesha fundi majora mazima pasipo karatasi wala shahidi. Amemwalika nyumbani kwake mara tatu, na mara zote tatu fundi amejibu kwamba wao ni wapita njia. Mwaka jana mama mzazi wa mzee huyo alifariki. Fundi alisikia, akatuma salamu kwa dereva wa gari la abiria, na hakwenda msibani.

"Mama watoto," alisema baada ya kompyuta kuzimwa, "mtu akichelewa kupeleka pole mwaka mzima, bado hupokelewa?"

Mkewe alikuwa akikusanya vikombe. Alimjibu kwamba Jumanne gari la kwanza la Mbarara huondoka saa kumi na mbili, na kwamba kama atakwenda amwambie mapema ampigie shati pasi. Habari ya wazee wa posa haikuzungumzwa usiku huo.